Ua Lisilotaka Udongo

Same,
12 Agosti 2024.

Kwa kaka yangu mpendwa, Mwalimu Eliufoo,

Shikamoo kaka. Naomba Mungu karatasi hii ikufikie ukiwa mzima, na vumbi la Tunduru lisiwe limekurudishia kile kikohozi cha mwezi wa pili. Wanafunzi wako hawajambo? Na mwalimu mkuu wenu, yule ambaye kila ukitaka kumtaja unapumua kwanza? Mimi huku mwili haujambo. Upepo wa Same unaujua mwenyewe, unaanza kazi asubuhi kuliko watumishi wa halmashauri, unamvua mtu kofia na kumpelekea mwingine mtaa wa pili. Mvua hatujaiona tangu mwezi wa tano.

Najua utaigeuza bahasha mara mbili ukijiuliza nani siku hizi anaandika barua. Mara ya mwisho nilikuandikia nikiwa darasa la sita, naomba viatu. Tungeweza kuongea kwa simu, lakini simu zetu zina tabia moja: mtu akikaribia penye neno, mtandao unaondoka. Na kusema kweli si mtandao peke yake. Mwezi huu nimekupigia mara tatu nikiwa na jambo hili mdomoni, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza bei ya korosho, mimi ambaye hata korosho silimi. Ninachotaka kukueleza kinamhusu shemeji Careen. Nakuomba, jina hilo likikuchoma, lichome, lakini usiikunje karatasi kabla hujafika chini.

Nianzie kwenye kazi yangu, maana jambo lilianzia huko. Unakumbuka ulivyocheka niliposema naacha kuuza vocha niuze miti ya miiba. Uliniambia Same nzima ni miiba, nani atanunua. Lakini kaka, watu hawanunui mwiba, wananunua pale ulipokaa. Ukimpa mtu mshubiri kwenye kopo la rangi, atakuambia kwao upo hadi chooni. Uchukue mshubiri uleule uupande ndani ya pasi ya mkaa, mfuniko umefunguka kidogo, majani yanachungulia kama yanataka kujua nani kaja, mtu huyohuyo atakuita fundi. Sikusomea haya. Niliangalia tu, nikaharibu, nikaangalia tena.

Basi nikawa mkusanyaji wa vilivyokufa. Taa za chemli zisizo na kioo, vinu vilivyopasuka, droo za cherehani, gamboti la mguu mmoja, gurudumu la baiskeli ambalo nalining'iniza kwa mnyororo na kila njiti ina kikopo chake. Dungusi ndogo nazipanga kwenye mlingoti wa mkonge uliokauka, nimeutoboa matundu kama filimbi. Wateja nawafundisha jambo moja tu. Mimea hii minene haifi kwa kiu, inakufa kwa huruma. Mtu anaionea huruma, anaimwagia maji kila siku, wiki ya pili imeoza. Iache. Tena chombo chochote kiwe na tundu chini, maji yasilale.

Mwaka juzi mwezi wa tano akanijia Bi Sharifa, yule mwenye hoteli ya chakula hapa barabarani, mabasi ya Arusha na Dar yanapopumzika. Alikuwa amejenga ukumbi mpya na ukuta mmoja umebaki mtupu. Akaniambia kuku wake wanaliwa na kusahauliwa, na sasa anataka ukuta ambao abiria wakipigiwa honi hawasikii. Nikamuuliza wakiachwa na basi je. Akasema watakula tena.

Ukuta ule niliufanya kwa wiki mbili. Nilipanga ngazi kuukuu kwa ubavu, kila kidato na ukoo wake wa mimea, nikapachika masufuria yaliyotoboka, pasi tatu, kinu nusu. Ulikuwa mzuri, nasema mwenyewe kwa sababu watu wa kwetu Myamba karibu wote hawakuuona. Isipokuwa katikati, pale macho yanapofika kwanza, palikuwa na pengo. Kila nilichoweka hapo kilikuwa kama vingine, mmea umekaa ndani ya kitu. Nilitaka mmoja ambao haujakaa ndani ya chochote.

Hapo sasa tupande mlimani, nyumbani.

Ua la baba unalijua kuliko mimi, lakini niache niliseme. Aliliokota kwenye mti ulioanguka pembezoni mwa msitu wa Shengena, akalifunga juu ya kigogo cha mbuni kwa kamba ya mkonge, kwa lile fundo lake la kufungia ng'ombe mkorofi. Akakitundika kwenye msumari juu ya mlango wa jiko, moshi unapokutana na ukungu. Halikuwa na udongo hata chembe. Mizizi yake ilining'inia nje kama ndevu, na baba alisema hili halidai shamba, linakula hewa, laiti angekuwa nao watoto wa namna hiyo. Alipofariki likawa linatoa maua meupe kila baada ya masika, na mama akaanza kulisalimia. Asubuhi akifungua mlango, kabla ya kuwasha moto, anasema habari za kuamka, Baba Eliufoo. Sisi tulicheka. Careen hakucheka. Tangu ulipomuoa na kumwacha pale na mama, ulipopangiwa Tunduru, yeye ndiye aliyelinyunyizia maji siku za jua.

Jumamosi ile mama alikuwa kwenye kikundi cha akina mama kanisani, Careen yuko gulioni Myamba na ndizi zake. Waliporudi, msumari ulikuwa mtupu. Ua lilikuwa na maua saba, mama alikuwa ameyahesabu asubuhi.

Mengine ulisimuliwa kwa simu, tena na mama, kwa hiyo ulisimuliwa kwa machozi. Nikueleze nilivyoyaona. Mama hakulia siku ya kwanza. Alizunguka nyumba akitazama kuta kama mtu aliyesahau ametundika wapi. Siku ya pili akatuma maneno kwa baba mdogo Sadock, na baba mdogo akatangaza kwa jirani wote kuwa aliyechukua ana siku saba za kurudisha, alete hata kwa kuficha migombani, hataulizwa. Zikipita saba, chungu cha laana kitavunjwa, kimpate aliyechukua. Unatujua sisi. Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Na ile haikuwa kuku.

Maneno ya kumhusu Careen yalianza siku ya tatu. Aliwahi kulalamika kuwa ua linamdondoshea sisimizi kichwani akipita na chungu cha makande. Mara aliwahi kusema lisogezwe kidogo. Tena Jumamosi ile alikwenda gulioni na tenga, na tenga halina macho, nani ajuaye chini ya ndizi kulikuwa na nini. Wanawake waliokuwa wakikaa naye gulioni wakaanza kukaa mbali kidogo, siyo sana, kiasi cha mtu kusema nimefuata kivuli.

Siku ya nane chungu kililetwa na mzee mmoja kutoka ng'ambo ya bonde. Mchungaji, ambaye ana akili nyingi, siku hiyo alikuwa na safari. Tulisimama uani mstari mmoja, watu wa nyumba na majirani wa karibu, kila mmoja anapita mbele ya chungu anasema kama ni mimi, kinione. Baba mdogo alipita. Jirani Anaeli alipita na wanawe wote. Mimi nilipita.

Careen hakupita. Alisimama na kanga imefungwa juu ya tumbo la miezi sita, akasema kwa heshima, bila kupaza sauti, kuwa ataapa kwa Biblia mbele ya usharika mzima, mara ngapi watakavyo, ila mtoto wake hampeleki mbele ya chungu. Mama akamtazama muda mrefu. Baba mdogo akasema asiye na lake hakiogopi chungu. Chungu kikavunjwa. Na jioni ile, kabla vigae havijazolewa, wewe ulikuwa umekwishapigiwa simu.

Ujumbe uliomwandikia Careen sijui wote ulisemaje. Najua alifunga nguo siku ya tatu yake, akampikia mama chakula cha mchana, akakifunika, ndipo akashika njia ya kwao Gonja.

Mwezi wa tisa akajifungua mtoto wa kike asiyelia. Hilo ulilijua kwa maneno mafupi. Sijui kama uliambiwa yaliyosemwa Myamba. Walisema chungu kimejibu. Walisema kwa upole, kama watu wanaosema mvua imenyesha, na wengine walimhurumia kabisa, wakasema maskini, angerudisha tu. Mama alipoletewa habari alikaa kwenye kigoda kutwa nzima. Aliniambia mimi, Asheri, sikukitaka hiki, nilitaka ua. Nikamwambia mama, chungu hakina macho. Akasema nyamaza, huyo alikuwa mjukuu wangu.

Halafu mama mwenyewe mwaka huu mwezi wa nne. Kwenye maziko wewe ulikuwepo, sina la kukusimulia, ila moja lazima niliandike. Watoto walipomaliza kutupa udongo wakaitwa wakwe. Careen alikuwa amekuja kwa miguu toka njia panda, kwenye utelezi ule, nguo imelowa hadi magotini. Akainama akachukua udongo, akasimama kwenye foleni. Baba mdogo Sadock akasema, na watu wote tukasikia, "Wewe kaa pembeni, mama. Usituongezee." Akakaa pembeni. Udongo hakuutupa chini, alibaki ameushika. Wewe ulitazama viatu vyako, kaka. Sikulaumu. Ulikuwa hujui.

Mimi nilikuwa upande wa pili wa kaburi, nimeshika koleo, na nilikuwa najua.

Ua nililichukua mimi.

Nimekaa na sentensi hiyo tangu juzi nikitafuta namna ya kuizungushia maneno, na wewe unajua maneno hayanishindi. Haizungushiki. Asubuhi ya Jumamosi ile nilipanda nyumbani nikijua hakuna mtu, nikakitoa kigogo kwenye msumari, nikakilaza ndani ya boksi la biskuti juu ya majani mabichi ya mgomba, nikateremka Same. Nilikusudia kukirudisha. Ufunguzi wa ukumbi wa Bi Sharifa ulikuwa Jumatatu, nikasema Jumatano nitapanda nacho, mama atanigombeza, nitamwonyesha picha, atacheka. Sikumwomba kwa sababu nilijua angekataa. Huo ndio ukweli wake wote.

Jumatatu lilikuwa zuri, kaka. Lilikaa katikati ya ukuta likiwa halijashikwa na kitu, maua saba meupe, na watu waliposhuka kwenye basi walinyamaza kwanza ndipo wakatoa simu. Bi Sharifa alinishika bega akasema leo umenijengea msikiti wa majani, Mungu anisamehe. Sijawahi kusifiwa hivyo.

Jumanne maua mawili yalikuwa yameanguka. Mimi, mtu ninayefundisha watu tabia za mimea, nikadhani limechoka na safari. Jumatano mizizi ilikuwa imesinyaa kama kamba za viatu. Nikalinyunyizia maji, nikalifunika kwa gunia lililolowa, nikalihamishia bafuni kwa Bi Sharifa kwenye mvuke. Ua lile lilizoea kula ukungu wa mlimani, nami nimelileta nchi ambayo hata nguo haingoji kuanikwa ndipo ikauke. Kila mtoto wa Myamba anajua mgomba wa juu haushuki Same. Mimi nilijua kila kitu kuhusu mimea isiyotaka maji, nikasahau uliokuwa unakunywa bila sisi kuuona. Ijumaa lilikuwa limekufa.

Siku saba za tangazo zilikuwa zinaendelea. Jumamosi nilipanda hadi pembezoni mwa Shengena kutafuta jingine linalofanana nalo, nikidhani nitalifunga kwenye kigogo kilekile na mama hatatambua. Nilikuta ya aina tatu, hakuna lenye ndevu kama lile. Nilikuwa nalo lile lililokufa, ningeweza bado kulirudisha na kusema, mama, nimeliua. Hilo nalo ni kurudisha. Nilifika hadi kwenye kona ya kanisa na boksi mkononi, nikamwona mama kwa mbali amekaa mlangoni, uso ameuelekeza kwenye msumari. Nikageuka.

Unataka kujua nilisema nini mbele ya chungu. Nilisema, aliyeiba ua hili kwa nia ya kuiba, kinione. Maneno hayo manne, kwa nia ya kuiba, niliyasema huku nakohoa. Hivi ndivyo nilivyo mjanja. Na tangu siku ile, kaka, sijaumwa hata mafua. Kazi imeongezeka, nimeletewa wateja hadi kutoka Moshi. Kama chungu kina macho, basi kina makengeza, maana mimi nilikuwa nimesimama mbele yake na kikaenda kupiga Gonja. Siamini kuwa kilipiga. Lakini naamini mwanamke mjamzito anayefukuzwa na nyumba nzima kwa siku moja hahitaji chungu.

Kwa nini nimengoja hadi sasa? Mwezi uliopita baba mdogo aliniita niandike upya historia ya marehemu, itakayosomwa Desemba mtakapopanda wote kuweka msalaba. Alisema mwandiko wangu unasomeka. Nikaandika alizaliwa, akabatizwa, akaolewa. Nikafika penye ameacha watoto wawili. Nikauliza niendelee na wakwe. Baba mdogo akasema weka nukta hapo. Nikaiweka. Usiku na mchana nimeiona nukta ile, ndogo kuliko mbegu ya mchicha, na ni mimi niliyeiweka kwa mkono wangu.

Alhamisi iliyopita nikaenda Gonja. Careen sasa ni mhudumu hospitalini, nilimkuta anaanua mashuka. Amekonda, ila siyo kama mtu anayeumwa, kama mtu aliyeacha vitu njiani. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za Same. Nikamwambia yote niliyokuandikia hapa, nikiwa nimesimama, na alipokuwa akikunja shuka moja nikashika ncha nyingine, tukawa tunakunja naye kama ndugu. Nilipomaliza aliendelea kulinyoosha lile shuka.

"Nililiona, shemeji," akasema. "Jumanne ile nilishuka Same kliniki, nikaingia pale kununua maji. Nikaliona ukutani na kamba ya baba."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nilijua umeliazima. Nikasema atasema mwenyewe. Halafu siku zikapita, na mimi ndiye nikawa mwizi. Mwizi akisema fulani ndiye kachukua, nani anamsikia?"

Nikaanza kumwomba radhi. Alinizuia kwa mkono, siyo kwa hasira.

"Usiniombe radhi penye kamba ya nguo. Mimi sikufukuzwa faraghani. Mwandikie kaka yako kwa mkono wako, siyo kwa simu, kitu kisichofutika. Naye Desemba akaisome mbele ya watu, palepale aliponyamaza."

Nikamuuliza, na baada ya hapo? Nilikuwa nakuulizia wewe humo ndani, kaka, nilidhani nakutafutia mlango.

"Baada ya hapo mtakuwa mmeisoma," akasema.

Kwa hiyo hii ndiyo barua yenyewe. Nimeiandika kwa kalamu nyeusi, herufi kubwa kiasi, ili hata ukiisoma jioni uone. Usiruke mahali nilipokohoa. Usiruke jina langu. Mimi nitakuwa nimekaa mstari wa mbele, sitasafiri. Baba mdogo nitamwambia mwenyewe wiki hii, na mzee wa ng'ambo ya bonde pia, mbuzi wa kuitegua laana ya chungu nitampeleka kwa mkono wangu mchana watu wakiona. Historia ya marehemu nimeshaiandika upya. Nimeandika, ameacha watoto wawili, mkwe mmoja, Careen, na mjukuu mmoja aliyemtangulia. Baba mdogo akitaka kukata, akate mbele yangu.

Kigogo cha baba bado kiko ukutani kwa Bi Sharifa. Nilitaka kukitoa, akasema pengo litaonekana, akafunga ua la plastiki kwenye fundo la baba. Abiria wanalipiga picha hilo kuliko walivyopiga la kweli. Nimemwambia Jumapili nakiondoa, apende asipende.

Sikuombi unisamehe katika barua hii. Nimeambiwa isiwe kazi yake.

Watu wa huku wanakusalimu. Baba mdogo Sadock anakusalimu sana, mguu umepungua kuvimba. Jirani Anaeli anakusalimu, na mkewe, wanasema migomba yako ya upande wa mfereji wanaitazama. Bi Sharifa anakusalimu ingawa hamjaonana, anasema ukipita na basi usile kwingine. Nami naomba unifikishie salamu kwa walimu wenzako wote na kwa mama yule anayekupikia.

Careen hakutuma salamu. Nilimuuliza mara mbili, nikamwambia hata neno moja nitalibeba. Alibeba mashuka yake, akatazama barabara, akaniuliza kama gari la mwisho la Same halijapita.

Ni mimi mdogo wako,
Asheri.